Usiache redio bado: kwa dada anayetaka kutengeneza filamu zake

Binti mmoja niliyewahi kuigiza naye ameniuliza kama aache kazi ya redio, aingie moja kwa moja kwenye filamu zake mwenyewe. Kwa kuwa si yeye peke yake anayeuliza, jibu naliweka hapa.

Mdogo wangu, usiache bado. Mimi nilianza kuigiza Dar enzi za filamu zilizouzwa kwa CD Kariakoo. Nililia sana mbele ya kamera, maana mwanamke kwenye miswada ile alikuwa wa kulia au wa kufumaniwa. Kisha nikawa mwandishi wa habari redioni miaka sita, na mshahara huo ndio uliolipia filamu yangu ya kwanza, ya wakulima wa mwani wa Paje, Unguja. Hakuna aliyenipangia nini kikatwe.

Uigizaji umenisaidia kujua mwili unavyochoka ukiambiwa "rudia". Mama aliyeinamia kamba za mwani tangu alfajiri, maji ya chumvi magotini, simwambii arudie.

Redio ilinifundisha kuuliza, ila pia ilinizoesha haraka, na haraka iliniponza. Nilikodi kamera siku nne, nikalipa boti na chumba, nikafika Paje maji mafu, siku ambazo bahari haikupwi mbali. Shamba lote limefunikwa, wanawake wako majumbani. Nilishasoma mengi: kwamba kilimo hiki kilianza huko mwaka 1989, kwamba wengi wanaokifanya ni wanawake, kwamba cottonii, mwani wenye bei nzuri, unakufa bahari ikipata joto. Sikuwa nimeuliza mwezi una siku ngapi tangu uandame! Mwani hushughulikiwa wakati wa bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yanapokupwa mbali. Bibi mmoja alinionea huruma, akanihesabia siku kwa vidole. Tangu hapo ratiba yangu ilifuata mwezi, na kila bamvua lilipopita nilirudi redioni kusubiri jingine.

Vibali navyo vina utaratibu wake. Kibali cha Bodi ya Filamu ya huku Bara hakikutoshi Zanzibar. Kule utaomba BASSFU, yaani Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, halafu uende kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo lile, kabla kamera haijatoka begini. Na ukirekodi wakati wa kusi, nunua kinga nzuri ya maiki. Upepo ule hauna huruma.

Kubwa kuliko yote ni hili. Redioni mtu akikubali kurekodiwa, habari inapita jioni, kesho imesahaulika. Filamu inakaa. Kwa hiyo kabla ya kuipeleka popote niliwaonyesha wenyewe, kwa shuka nyeupe na projekta ya kuazima. Mama mmoja alikuwa amesimulia jinsi mumewe alivyochukua fedha zake za mwani za msimu mzima. Alipojiona alinyamaza kimya, kisha akaniita pembeni: "Mwanangu, hii watoto wangu wataiona."

Alikuwa ameshasaini karatasi ya ridhaa. Kipande kile kilikuwa bora kuliko vyote, na mhariri wangu alinisihi tukibakize. Nilikitoa. Mpaka leo watazamaji huniuliza mbona hadithi ya mama yule inakatikia njiani. Nawaambia ameishia pale alipotaka mwenyewe.