Maswali ya wavuvi: mikokoni, kwenye nyasi na kwenye magugu

Kila nikivua mikokoni Tudor, hapa Mombasa, ndoana inanasa kwenye mizizi, mshipi unakatika. Nifanyeje? (Mikindani)

Unatupa ndani mno, ndugu yangu. Maji yakijaa, mkizi na samaki wadogo huingia mikokoni kula na kujificha. Yakianza kupwa hawana budi kutoka, na tewa na kelea huwasubiri kwenye midomo ya vijito. Tega hapo, chambo kichukuliwe na mkondo kandokando ya mizizi. Punguza chubwi (risasi ya kuzamisha mshipi), au itoe kabisa. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, basi chunga chombo kisikwame topeni. Na tafadhali usikate mizizi ili upate nafasi: kamba na samaki wachanga hukulia humo.

Natega samaki tafi kwenye nyasi bahari kwa chambo cha kamba, sipati kitu. (Likoni)

Tafi hula mwani. Wenye madema (mitego ya kusukwa) huweka mwani uliopondwa. Wewe tumia ndoana ndogo na kidonge cha unga wa ngano, utupe kwenye uwazi wa mchanga katikati ya nyasi. Hao kamba wawekee changu.

Tafi amenichoma kidole, nimeshindwa kulala. Dawa yake? (Kisauni)

Pole sana. Miiba yake ina sumu: 13 mgongoni, 7 nyuma ya tumbo, na mingine kwenye mapezi ya tumboni. Kidole kitie kwenye maji ya moto unayoyavumilia, ukiyapima kwanza kwa mkono mzima usije ukaungua. Mwiba ukikatikia ndani, au uvimbe ukipanda, nenda hospitali leo hii.

Naenda Naivasha kwa kaka yangu. Nasikia samaki aina ya besi wa ziwa la huko wanakaa kwenye majani. Ujuzi wa pwani utanifaa? (Changamwe)

Utakufaa sana. Besi, yule mwenye mdomo mpana aliyeletwa kutoka Marekani mwaka 1929, ni mviziaji kama tewa. Lakini kila jani lina uvuvi wake. Kwenye mafunjo, pitisha chambo sambamba na ukingo, alfajiri au jioni. Jua likiwa kali hutafuta kivuli chini ya magugumaji. Hayo husukumwa na upepo, hivyo usitegemee kuyakuta ulipoyaacha jana. Dondosha chambo wima kwenye tundu au pembeni.

Majani yaliyozama ndiyo nayapenda zaidi. Chukua mnyoo wa mpira, ncha ya ndoana uifiche ndani ya mwili wake isikwaruze majani. Vuta polepole. Ukihisi mnyoo ameshikwa na jani, tulia, kisha mtikise kidogo: mara nyingi besi humdaka pale pale anapochomoka. Tumia mshipi mnene, maana besi akishanasa hujizika kwenye majani.

Usiende peke yako. Viboko hupumzika kwenye hayo hayo mafunjo, kwa hiyo kodi mashua ya mwenyeji anayejua walipo, na ukate leseni ya uvuvi kabla hujaingia majini.