Nusu ya akiba kwenye dhahabu? Niliwahi kufanya hivyo, na zaidi

Mkuu, umeuliza kama uhamishie nusu ya akiba yako kwenye dhahabu kwa kuwa bei inapanda na "dhahabu haiozi". Nikujibu kwa kirefu kidogo, maana mimi nilifanya hivyo mwaka 2011 na nilikosea.

Septemba ile wakia moja (gramu 31.1) ilikaribia dola 1,900, na kila mtu alikuwa anaizungumzia. Nikauza hisa zangu karibu zote, nikanunua vipande vya gramu kumi kumi. Kufikia Desemba 2015 wakia ilikuwa imeshuka hadi dola 1,050 hivi. Miaka yote minne vipande vyangu vilikaa kwenye kasha bila gawio wala riba, huku hisa nilizoziuza zikipanda bila mimi.

Nilipobanwa na shida nikapeleka vipande viwili na pete ya mke wangu. Mnunuzi akaona pakiti ya kipande kimoja imechanika, akashusha bei. Hata kile kizima alinipa chini ya bei ya soko ya siku ile. Pete ndiyo iliyoniuma. Uzito wa jiwe ukatolewa, pesa ya ufundi niliyolipa haikuhesabiwa kabisa, na karati 18 maana yake robo nzima ni madini mengine. Tangu hapo vito sivihesabu kama uwekezaji.

Na kuna walioumia kuliko mimi. Aliyenunua Januari 1980 kwa dola 850 aliikuta chini ya dola 300 mwaka 1999, na hapo mfumuko wa bei hujauhesabu.

Lakini bado ninayo, asilimia 10 ya akiba. Sababu yangu ni kwamba dhahabu mara nyingi haifuati mwendo wa hisa. Mwaka 2008 hisa za Marekani zilipoteza zaidi ya theluthi ya thamani. Dhahabu ilimaliza mwaka ikiwa juu kidogo. Mwaka 2022 hisa na hatifungani (mikopo kwa serikali au kampuni inayolipa riba) zilianguka pamoja, dhahabu ikabaki karibu palepale kwa dola.

Tofauti hiyo haikusaidii kitu kama huuzi kilichopanda na kununua kilichoshuka. Mimi nina kanuni: ikivuka asilimia 12 nauza ziada, ikishuka chini ya 8 naongeza. Machi 2020 hisa ziliporomoka. Dhahabu nayo ilishuka kwa siku kadhaa, maana watu walikuwa wanauza chochote kinachouzika wapate fedha taslimu, ila haikushuka kama hisa, kwa hiyo fungu lake likavuka 12. Nikauza ziada, nikanunua hisa ambazo kila mtu alikuwa anazikimbia. Niliogopa sana siku ile, na bila ile kanuni nisingethubutu. Ni manunuzi ninayoyafurahia hadi leo.

Siku hizi sehemu kubwa naishika kupitia mfuko wa dhahabu unaouzwa kwenye soko la hisa. Una ada ya kila mwaka, lakini kuuza ni dakika chache na hakuna wa kukagua pakiti.

Kwa hiyo nusu ni nyingi mno, mkuu. Lipa kwanza madeni yenye riba kubwa, tenga pesa ya dharura, halafu kabla hujanunua hata gramu moja andika mahali asilimia unayoitaka na ni lini utauza. Nunua kidogo kidogo kwa miezi kadhaa. Ukipenda, weka hapa mgawanyo wa akiba yako ulivyo sasa, tuuangalie pamoja.