Koka wangu aliongoza, kisha akashika mkia: majaji wanasoma kitabu kimoja?

Swali: Nina koka spanieli dume wa rangi ya dhahabu, miaka miwili na nusu. Kwenye maonyesho yake ya kwanza hapa Nairobi alishika nafasi ya kwanza katika kundi lake na jaji akakisifu sana kichwa chake. Miezi mitatu baadaye jaji mwingine alimweka wa mwisho kati ya wanne, akaniambia kichwa kimezidi na manyoya ni mengi mno. Mbwa ni yule yule. Kimo chake begani ni sentimita 38. Je, viwango vinatofautiana au nilionewa? – Msomaji, Lang'ata

Jibu: Sidhani ulionewa, dada. Lakini kabla hatujawagusa majaji, hiyo sentimita 38 imenishtua kidogo.

Jina koka spanieli limebeba mbwa wawili. Ukilitamka Uingereza, watu wanamfikiria koka wa Kiingereza. Ukilitamka Marekani, wanamfikiria wa kwao: mfupi zaidi, paji la mviringo, mdomo mfupi, manyoya yanayofunika miguu. Asili yao ni moja, ila Wamarekani walizalisha wa kwao kivyao hadi wakaachana kabisa, na mwaka 1946 American Kennel Club, chama kinachoandikisha mbwa huko Marekani, ikamtambua koka wa Kiingereza kama mbwa wa aina yake.

Sasa tazama vipimo. Kiwango ni maelezo rasmi ya jinsi mbwa wa aina fulani anavyotakiwa kuwa. Cha Kiingereza kinataka dume awe kama sentimita 39 hadi 41, na jike 38 hadi 39. Kile cha koka wa Kimarekani kinataka dume wa inchi 15, yaani sentimita 38, na akipita inchi 15 na nusu anatolewa ringini, yaani kwenye uwanja wa mashindano. Kwa hiyo mbwa wako kwa Waingereza ni dume mwenye kimo cha jike, na kwa Wamarekani kimo chake ni barabara kabisa.

Usiamini kipimo cha kwanza. Msimamishe kwenye sakafu ya simiti, si nyasi wala zulia, kichwa kikiwa sawa, manyoya ya begani yakiwa yamelazwa. Halafu chukua kamba ya kiatu. Pima kutoka ncha ya pua hadi kile kibonde kilicho kati ya macho, kisha kutoka kibonde, ukipitia juu ya utosi, hadi kifundo cha kisogo. Kwa koka wa Kiingereza kile kibonde kinatakiwa kukaa katikati, nusu huku nusu kule. Kwa wa Kimarekani, kipande cha mdomo ni nusu tu ya kile cha fuvu. Hiyo kamba itakuambia mengi kuliko kikombe ulichoshinda. Ukishapima, fungua cheti cha ukoo uone babu zake waliandikishwa kama koka wa nchi gani. Damu zikichanganyika, utapata kichwa ambacho mmoja atakiita kizuri na mwenzake akiite kimezidi, na wote wawili watakuwa wamesema kweli.

Tuseme basi ni wa Kiingereza mtupu. Bado majaji wanaweza kukosana. Kiwango cha Kiingereza hakigawi alama, eti kichwa kumi, miguu ishirini. Kinasema tu kasoro ihesabiwe kwa ukubwa wake, na kwa jinsi inavyogusa afya ya mbwa na kazi yake ya asili. Mizani anabaki nayo jaji. Nimekuwa karani wa ringi, msaidizi wa jaji, miaka mingi na nimewaona: mmoja anakaa na kichwa dakika nzima, anakishika kwa mikono miwili kama anayechagua tikiti maji sokoni. Mwingine anakitupia jicho tu, anapitisha vidole chini ya manyoya kutafuta bega, kisha anasema, "Mtembeze." Kwake koka ni mbwa wa kuingia vichakani kufurusha ndege, na manyoya marefu ni ya kunasa miiba. Majaji wanaotoka nchi za nje huja na jicho la kwao pia. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Suala la manyoya ndilo ningekubaliana na jaji wa pili bila hata kumwona mbwa. Kiwango cha Kiingereza hakitaki manyoya mengi kupita kiasi. Na usidhani cha Kimarekani kitakuokoa, kwani nacho kinaagiza manyoya yaliyozidi au yaliyo kama pamba yaadhibiwe vikali. Mgongoni tumia vidole na kitana, uache mashine ya kunyolea. Kama umemhasi, huenda ndiyo sababu: koka aliyehasiwa mara nyingi huota manyoya ya pamba. Mkia usikutie wasiwasi, kiwango cha Kiingereza kinaeleza uliokatwa na usiokatwa.

Kabla ya kulipia maonyesho mengine, muulize katibu wa maonyesho mbwa wako ataingizwa kama koka yupi na jaji atatumia kiwango cha nani. Na ukitaka maelezo ya jaji, msubiri amalize ringi zake zote, umfuate ukiwa na mbwa na kalamu. Wengi hueleza vizuri wakishapata chai.