Keki ya asali kwa mwenye kisukari, inafaa?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mama mkwe wangu ana kisukari, yuko kwenye vidonge, na kwake chai ya saa kumi bila kitafunwa sio chai. Nimeanza kumuokea keki ya atta (unga wa ngano usiokobolewa), sukari nimetoa nikaweka asali maana nasikia asali haina shida, ila tukipima sukari ya damu masaa mawili baada ya chai inasoma 13 mmol/L, saa nyingine 14. Nakosea wapi? Alafu sina oveni, natumia jiko la mkaa.
Mkamwana, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kumpima, wengi wanalisha tu. Asali ni sukari, sukari guru ni sukari, tende nazo hivyo hivyo. Lakini hata ukiitoa asali yote bado hujamaliza, maana unga wenyewe ni wanga na wanga ukishasagika tumboni unageuka sukari. Gramu 100 za unga mweupe zina wanga kama gramu 75, atta nayo inakaribia 70, nafuu yake ni zile nyuzinyuzi zinazochelewesha sukari kupanda, ila akila vipande vitatu vinene hiyo nafuu huioni. Karanga gramu 100 wanga wake ni kama 20 tu.

Kwahiyo muokee biskuti za karanga. Chukua vikombe viwili vya karanga za kukaanga zisizo na chumvi, menya, twanga kwenye kinu au saga kwenye blenda kwa kuwasha na kuzima mpaka ziwe chenga, ukiziachilia zinatoa mafuta na biskuti hazishikani. Tia yai moja, atta kijiko kimoja cha chakula, iliki, na nusu ndizi mbivu uiponde kwa ajili ya utamu. Viringa vidogo vidogo vipate kama 20, vibonyeze kwa uma.

Kwenye jiko la mkaa tia mchanga mkavu kwenye sufuria nzito, weka sinia dogo juu yake, funika upalie makaa juu ya mfuniko, chini yabaki machache sana kwasababu karanga inaungua haraka chini wakati juu bado mbichi. Chungulia kuanzia dakika ya 10. Zikitoka zinakuwa laini, zinakaza zikipoa, usizirudishe motoni.

Mpe tatu na chai isiyo na sukari, pima tena masaa mawili baadae, kwa watu wazima wengi lengo ni isizidi 10. Ikiwa bado juu tazama chakula cha mchana na umpeleke kliniki, vidonge usimpunguzie wala kumuongezea mwenyewe, na kama figo zina tatizo uliza daktari kwanza kuhusu karanga.

Na tafadhali sana, siku akianza kutetemeka na kutoka jasho na kipimo kiko chini ya 4, biskuti hizi weka pembeni, mafuta ya karanga yanachelewesha, mpe haraka maji yenye sukari vijiko vitatu vinne vya chai, pima tena baada ya dakika 15.