Mstari wa Kumi na Moja Bila wa Kumi

Mwaka 2017 nilitoa shilingi laki nne mbele ya madhabahu. Ilikuwa ada ya mwanangu wa kwanza. Mhubiri aliyekuwa na mkutano wa siku saba hapa Moshi mjini aliniita kutoka kwenye umati, akaniwekea mkono kichwani, akanisomea Yeremia 29:11: “Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho.” Kisha akatamka kwamba kabla ya mwaka kuisha nitakuwa nimehamia kwenye nyumba yangu mwenyewe, ila neno hilo linadai sadaka ya kulifungulia mlango.

Nilikuwa mjane wa mwaka wa pili. Nimepanga vyumba viwili Pasua, cherehani yangu iko barazani, nashona sare za shule na vitenge vya harusi. Andiko lile nililinakili kwenye karatasi nikalibandika ukutani juu ya cherehani, nikawa nalitamka kila asubuhi kabla sijakanyaga pedeli. Miezi ikapita. Mtoto akarudishwa nyumbani mara mbili kwa sababu ya ada. Mwezi wa kumi na moja mwenye nyumba akapandisha kodi. Ilipofika Desemba niliibandua ile karatasi, na sikuomba tena.

Krismasi ile nilipanda Old Moshi kwa mama mkwe kama kawaida yetu, maana kwa Mchaga kutopanda nyumbani Desemba ni jambo la kuulizwa. Siku ya tatu tulikuwa jikoni tunamenya ndizi za machalari. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia kwa presha ya macho, anamenya kwa kupapasa. Akaniuliza kwa nini sikuitikia sala ya jioni. Nikamwambia yote, mpaka laki nne.

Hakunilaumu. Akaniuliza andiko lenyewe ni lipi, nikamtajia.

“Mwanangu, na la kumi umelisoma?”

Nikanyamaza. Akaniambia nikamletee Biblia yake kutoka chumbani, ile yenye jalada jeusi lililoshikiliwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Nikasoma mstari wa kumi kwa sauti, mikono bado ina utomvu wa ndizi: Babeli ikishatimiziwa miaka sabini, ndipo Bwana atakapowajilia na kuwarudisha. Miaka sabini! Nilikuwa nimeishi mwaka mzima na mstari wa kumi na moja bila wa kumi.

“Rudi juu,” akasema. “Anza barua yenyewe inapoanzia.”

Ni barua kweli. Yeremia aliituma kutoka Yerusalemu kwa watu waliochukuliwa mateka na Nebukadreza pamoja na mfalme Yekonia, mwaka 597 kabla ya Kristo. Anawaambia: “Jengeni nyumba, mkae ndani yake, kapandeni bustani, mkale matunda yake.” Waoe, wazae, wauombee mji ule wa ugenini, maana katika amani yake watapata amani yao. Kisha anawaonya wasidanganywe na manabii walio kati yao. Na ukirudi sura moja nyuma, ya 28, unamkuta nabii mmoja, Hanania, anasimama hekaluni mbele ya watu wote na kutangaza kwamba ndani ya miaka miwili kila kitu kitakuwa kimerudi. Yeremia anajibu kwanza, “Amina,” yaani hata yeye angependa iwe hivyo. Hanania anaitwaa nira aliyoivaa Yeremia shingoni kama ishara ya kuitumikia Babeli, na kuivunja. Lakini haikuwa hivyo, na Hanania alikufa mwaka ule ule, mwezi wa saba.

Nilikaa na kisu mkononi nikiwa siamini. Lile andiko nililopewa kama tiketi ya haraka limetolewa ndani ya barua iliyoandikwa ili kuwazuia watu wasimwamini anayewaahidi mambo ya haraka. Ahadi ilikuwa ya kweli tangu mwanzo. Mimi nilikuwa nimekatiwa kipande, kama mtu anayekatiwa kitambaa mita moja halafu anaambiwa gauni zima litatoka hapo.

Naandika haya kwa sababu najua siko peke yangu. Tunapokea andiko kwenye simu alfajiri, tunaandika amina, tunalituma kwenye makundi matatu, na siku inaendelea. Silaumu kutumiana maandiko. Kuna asubuhi mstari mmoja umeniinua. Ninachosema ni kwamba mtu hawezi kukua kwa vipande. Imani yangu ilianguka Desemba ile kwa sababu ilikuwa imesimama juu ya maneno ya mtu, na nilidhani imesimama juu ya Neno. Tofauti hiyo hutaijua mpaka ufungue mwenyewe usome juu na chini ya mstari uliopewa.

Watu wa Beroya hawakusifiwa kwa kumkubali Paulo upesi. Matendo 17:11 inasema walilipokea neno kwa uelekevu wa moyo, “wakayachunguza maandiko kila siku, waone kwamba mambo hayo ndivyo yalivyo.” Waliyemchunguza ni Paulo, mtume! Sembuse mhubiri wa mkutano wa siku saba. Tangu hapo, yeyote akinipa andiko, hata mchungaji wangu ninayempenda, nikifika nyumbani nafungua sura nzima. Mchungaji mwema hufurahi ukimwuliza.

Basi nilianzaje? Nilianza vibaya. Januari 2018 niliapa kusoma Biblia yote kwa mwaka, nikaanza Mwanzo kwa kasi, na katikati ya Walawi nikakwama kama wengi wanavyokwama. Ndipo mwinjilisti wa mtaa wetu akanishauri nianze na Marko, sura 16 tu, halafu Wafilipi. Wafilipi ina sura nne. Ukiisoma kwa mkupuo haifiki nusu saa, na hapo ndipo nilipoonja utamu wa kusoma barua kama barua. Nyaraka zile zilisomwa kwa sauti makanisani, Paulo mwenyewe anaagiza hivyo katika Wakolosai 4:16. Hakuna mtu aliyekuwa akisubiri mstari mmoja leo na mwingine kesho. Jaribu jioni moja, watoto wakiwa wamelala: soma Wafilipi yote bila kusimama, kwa sauti unayoisikia mwenyewe. Ukifika sura ya nne, “nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu,” utakuwa umeshapita kwenye minyororo ya Paulo katika sura ya kwanza, na utakuwa umemsikia mstari mmoja tu kabla akisema amejua kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Mstari ule hautakuwa tena wa kubandika kwenye gari.

Kuhusu tafsiri, watoto wangu wanasema Biblia ya bibi ina Kiswahili kigumu. Ni kweli, Union Version imekamilika mwaka 1952, na ilifanywa ili kuunganisha tafsiri za zamani za Unguja na Mvita. Ina maneno ambayo hapa Moshi hatuyasemi. Mimi naiweka Biblia Habari Njema pembeni yake. Nikikwama huku nachungulia kule. Lakini ninayoikariri ni ile ya zamani, kwa sababu ina mwendo unaokaa kichwani.

Na kukariri nakusisitiza sana. Tuliopita kipaimara tunakumbuka jinsi tulivyokaririshwa Amri Kumi, Imani, Baba Yetu, na lile swali la “Maana yake nini?” Tulikariri ili tusiaibike siku ya mtihani mbele ya wazee wa kanisa, halafu tukaacha. Sasa nakariri mstari mmoja kwa wiki, nimeuandika kwenye kipande cha karatasi ya patani, ile ya kukatia nguo, nilichokipachika kwa pini kwenye mto wa sindano. Zaburi ya 121 ina mistari minane, ilinichukua miezi miwili. Na kuikariri kulinifungua macho. Sisi wa chini ya Kilimanjaro tunaipenda zaburi hiyo: “Nitayainua macho yangu niitazame milima.” Asubuhi Pasua, kabla mawingu hayajaushika, mlima unaonekana wote, na nilikuwa nikisema maneno hayo nikiutazama nikidhani msaada unatoka kule juu. Kumbe kinachofuata ni swali: “Msaada wangu utatoka wapi?” Jibu linapita juu ya mlima: “Msaada wangu u katika Bwana, aliyezifanya mbingu na nchi.” Miaka yote nilikuwa naimba swali kama jibu.

Kuna zaburi nyingine ambayo hakuna aliyenisomea nilipofiwa. Ni ya 88. Mtu analia usiku na mchana, na zaburi inaisha hivi: “Mpenzi na rafiki umewatenga nami, nao wanijuao wamo gizani.” Inaishia hapo. Hakuna haleluya mwishoni. Nilipoikuta nililia sana, kwa sababu wakati wa msiba niliambiwa nisilie kama wasio na tumaini, na kumbe Mungu mwenyewe ameacha kilio kama changu kikae ndani ya kitabu chake. Kama uko kwenye msiba sasa, usianze na maandiko ya ushindi. Soma ya 88, halafu ya 13, halafu ya 42. Huyo anayelia bado analia kwa Mungu, na hiyo nayo ni imani.

Nimefundishwa pia na mfongo. Anayejua vihamba (mashamba ya familia) vya Old Moshi anaijua mifereji ile iliyochimbwa na wazee, inayoleta maji kutoka korongoni mpaka kwenye migomba kwa zamu. Watu hutoka na majembe kuuzibua mfongo kabla ya kiangazi, kwa pamoja, maana ukingoja migomba inyauke ndipo uende, utaukuta umejaa udongo na majani na maji yamekwenda kwingine. Katika somo la Biblia la jumuiya yetu mchungaji alitueleza kwamba Zaburi ya 1, pale inaposema mti “uliopandwa kandokando ya vijito vya maji,” Kiebrania kinatumia neno la mifereji, na hilo la kupandwa ni la mche uliohamishwa ukapandwa pale makusudi. Na kutafakari sheria ya Bwana mchana na usiku ni neno la kunong'ona, kusoma kwa sauti ya chini. Nilirudi nyumbani nikauona mgomba ambao mama mkwe aliuhamishia kando ya mfongo mwaka aliozikwa mume wangu. Ndio ulio mnene kuliko yote.

Kwa hiyo nasoma hata siku ambazo sisikii kitu. Nasoma sura moja saa kumi na moja na nusu, kabla ya uji wa watoto. Kuna wiki nzima huwa kavu kabisa, Hesabu na orodha zake za majina, na huwa naendelea tu. Mwaka 2020 mdogo wa mwisho alilazwa usiku kwa homa ya mapafu, simu imezima, taa ya wodi imefifia, na sikuwa na Biblia. Kilichonitoka kinywani ni Zaburi ya 121, yote minane, nikairudia mpaka alfajiri. Ile niliyokuwa nimeipachika kwenye mto wa sindano.

Nyumba sikuipata kwa muujiza wa mwaka ule, na mpaka leo nimepanga. Lakini niliacha kukaa mlangoni nikingoja. “Kapandeni bustani” nililichukua kama lilivyo: nikaomba kona ya uwanja kwa mwenye nyumba, nikapanda mchicha na sukuma wiki, nikajiunga na kikundi cha kuweka na kukopa cha akina mama wa usharika. Ada ya mtoto nililipa kwa awamu mpaka akamaliza kidato cha nne. Na mji huu wa Moshi nauombea kwa jina kila Jumatatu.

Mama mkwe sasa haoni kabisa. Kila Jumamosi nikifunga kazi napanda Kidia, huko Old Moshi, kwa daladala, namsomea sura kumi hivi. Biblia ina sura 1,189, kwa mwendo huo inatuchukua miaka miwili na ushei, na hii ni mara ya pili. Anasikiliza kwa mikono imekaa mapajani. Nikiruka neno ananisimamisha: “Umeruka ‘wala.’ Rudia.” Sijawahi kusoma polepole namna ile maishani mwangu.

Jumamosi iliyopita tulianza Ezra. Mstari wa kwanza kabisa unasema kwamba katika mwaka wa kwanza wa Koreshi, mfalme wa Uajemi, ili neno la Bwana alilolisema kwa kinywa cha Yeremia litimizwe, Bwana aliiamsha roho ya Koreshi, akawaruhusu watu warudi kwao.

“Simama hapo,” akasema. “Rudia.”

Nikarudia. Akauliza kama Yeremia mwenyewe alikuwepo kuwaona wakirudi. Nikamwambia hapana, mama, mara ya mwisho tulimwacha Misri, watu wamemchukua wakaenda naye.

Alikaa kimya muda mrefu. Mvua ilikuwa imeanza kudondoka juu ya migomba. Kisha akanigusa goti.

“Haya, soma mbele.”