Muulize Fundi wa Mazulia: Mimi nimepata mita 40, fundi ameandika 54

SWALI: Shikamoo Mzee Fundi. Tunataka kutandika zulia ukuta kwa ukuta na nimepima nyumba mwenyewe. Sebule ni mita 5.20 kwa 3.70. Chumba cha juu ni 3.80 kwa 3.40, na korido ya juu ni 4.60 kwa 1.10. Ngazi ina vipandio 13 vyenye upana wa sentimita 85, na kila kipandio nimekipima sentimita 24. Vitatu kati yake viko kwenye kona, upande mmoja vimebana na upande wa pili vimetanuka. Nikijumlisha napata mita za mraba 40 kasoro kidogo. Fundi aliyekuja kupima ameandika 54! Mume wangu anasema tunapigwa. Zulia tulilolipenda ni la rangi moja, linauzwa kwa jora la upana wa mita 4. Tumwamini?
Mama wa Ngazi ya Kona

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwambie baba watoto atulie kwanza. Karatasi ya fundi wenu sijaiona, lakini nimekaa na vipimo vyako na kalamu, na mimi nimeangukia 54 hiyohiyo.

Hesabu yako ya kuzidisha iko sawa. Ila umepima sakafu, na dukani hawauzi sakafu. Wanauza urefu unaokatwa kwenye jora, na upana wa jora haupungui eti kwa sababu korido yako ni nyembamba. Ni kama kitambaa cha suti: fundi cherehani hapimi eneo la ngozi yako, anaangalia vipande vitapangwaje kwenye kitambaa.

Tuanze na sebule. Kwenye kila kipimo ongeza sentimita 10, ili fundi apate tano za kupunguza kila upande, maana kuta hazinyooki hata zikipakwa rangi nzuri. Urefu unakuwa 5.30, upana 3.80. Upana unaingia ndani ya mita 4 za jora bila mshono, kwa hiyo unakata mita 5.30. Ukanda wa sentimita 20 unaobaki pembeni utaulipia upende usipende.

Chumba cha juu kina njia mbili. Ukilaza ule upande wa 3.80 kufuata upana wa jora, unakata mita 3.50. Ukiugeuza, unakata 3.90, na huo ukanda wa nusu mita utakaobaki hauna kazi nyumbani kwako. Bila shaka fundi amechagua njia ya kwanza. Lakini kabla hujaagiza, rudi ukaupime upande huo wa 3.80 mara tatu: ncha hii, katikati na ncha ile, kisha uchukue kipimo kikubwa. Ukikuta mahali pamefika 3.93, ongeza 10 zako uone: 4.03. Umelipita jora, na kwa sentimita tatu unajikuta na mshono au unalazimika kuligeuza zulia. Kama kuna shubaka au dirisha lenye kina, futi iingie hadi mwisho wake. Mlangoni pima hadi katikati ya unene wa mlango ukiwa umefungwa, kwa sababu zulia huishia pale, usilione ukiwa upande wa pili.

Na tafadhali tumia futi ya chuma. Ile laini ya fundi cherehani inavutika ikizeeka. Wengine huniandikia kwamba futi yao ya chuma ni mbovu, kile kindoano cha mbele kinachezacheza. Kimeundwa hivyo: kinasogea kiasi cha unene wake ili kipimo kiwe kilekile, ukikinasa kwenye ukingo au ukikisukuma ukutani.

Sasa korido na ngazi, ambako ndiko ugomvi wenu ulikoanzia. Korido inataka urefu wa 4.70 na upana wa 1.20. Jora lina mita 4, kwa hiyo ukikata 4.70 unabaki na kipande kikubwa cha 2.80 kwa 4.70. Ukiangalia korido peke yake utasema umeibiwa. Fundi mzuri hapo anaitazama ngazi.

Hizo sentimita 24 ulizoandika ni sehemu ya kukanyaga tu. Zulia la ngazi linapanda na kushuka, halirukii hewani. Shika ncha ya futi kwenye kona ya ndani, pale sehemu ya kukanyaga inapokutana na uso wa wima wa kipandio cha juu yake. Ilaze hadi ukingoni, ikunje kuufuata ule mdomo uliochomoza, irudishe chini ya mdomo, kisha iteremshe hadi iguse kipandio cha chini. Hicho ndicho kipimo cha kipandio kimoja. Kwa 24 za kukanyaga, uso wa wima wa sentimita 19 hivi na mdomo unaokula 3, unapata 46, karibu mara mbili ya ulichoandika. Usikipime kimoja ukazidisha. Pima vyote, kwa sababu kile cha kwanza na cha mwisho mara nyingi hutofautiana na wenzao. Halafu kumbuka kwamba nyuso za wima huzidi vipandio kwa moja: ule wa juu kabisa, unaopandia sakafu ya korido, nao unataka zulia. Watu wengi huusahau.

Vipandio vyako kumi vilivyonyooka vinakula 4.60. Ukanda wa sentimita 90 kwa 4.70 kutoka kwenye lile baki la korido unavimaliza. Ukikuta kila kimoja ni 48 badala ya 46 usihangaike, maana kona inaukata ukanda huo vipande viwili hata hivyo, na kiraka kidogo kikihitajika kuungwa kwenye kona ya ndani hakuna atakayekiona.

Vile vitatu vya kona usivipime kama pembetatu. Kila kimoja kiwekee mstatili kichwani: upana pale kilipopanuka zaidi, na kina pale kilipoingia zaidi, pamoja na mdomo na uso wa wima. Cha katikati, kinachoingia kwenye pembe ya ukuta, ndicho mlafi kuliko vyote. Kwa ngazi ya upana wako nimekadiria vipande vitatu vya 1.25 kwa 0.95. Baada ya korido na ukanda wa ngazi bado una 1.90 kwa 4.70, na vitatu hivyo vinaingia, na ule uso wa wima wa juu unapata kipande chake. Ngazi nzima imetoka kwenye baki la korido bila kuongeza hata sentimita.

Jumlisha: 5.30, 3.50 na 4.70 ni mita 13.50 za jora. Zidisha kwa 4 upate 54. Mimi ningempa kazi fundi huyo. Kama muuzaji angewasukumia jora la mita 5, sebule peke yake ingemeza mita za mraba 26.5, na ukiligeuza haliingii, kwa sababu unataka 5.30.

Kuna jambo moja la kumuuliza. Manyoya ya zulia yamelala upande mmoja. Pitisha kiganja uone, huku ni laini, kule yanasimama. Vipande viwili vya jora lilelile vikilazwa tofauti vinaonekana kama rangi mbili. Kwenye ngazi yalale kuelekea chini, ili kiganja kiteleze ukishuka nacho. Ndiyo maana vipande vya kona navyo lazima vikatwe kwa mwelekeo huo, hata kama kuvigeuza kungeokoa nafasi. Chumbani, manyoya yatafuata ukuta wa 3.40. Kama ukuta huo unakwenda sambamba na korido, hongera. Kama sivyo, uchague: ukubali tofauti kidogo ya rangi chini ya mlango, au uongeze sentimita 40 za jora, yaani mita za mraba 1.6. Chumba cha kulala mlango wake hukaa umefungwa, mimi nisingeziongeza.

Zile 40 zako pia usizitupe. Sponji ya kutandika chini ya zulia haina manyoya, na kuunga hakuna anayeona, kwa hiyo hununuliwa kwa eneo halisi. Vyumba viwili na korido ni mita za mraba 37.2, na ngazi mtaiongezea kwa vipimo vipya.

SWALI: Mzee, mimi sitaki kuifunika ngazi yote. Nataka ukanda wa katikati tu, mbao zionekane pembeni. Upimaji ni uleule?
Mpenda Mbao

JIBU: Urefu ni uleule, futi ikumbatie mdomo wa kila kipandio. Upana ni macho yako: kata gazeti, lilaze kwenye vipandio viwili, simama chini ulitazame. Pembeni pabaki sawa kulia na kushoto, na upime kila kipandio, kwa sababu upana wa ngazi unaweza kutofautiana kidogo. Kama ukanda utashikwa kwa fito zinazolazwa kwenye kona ya ndani ya kila kipandio, na si kwa misumari, nunua urefu wa ziada unaotosha kipandio kimoja, uukunje chini ya uso wa wima wa mwisho. Zulia la ngazi huchakaa kwanza pale mdomoni. Ukianza kuona nyuzi zimelegea, fungua fito, usogeze ukanda wote sentimita chache, na mahali palipochakaa pataingia kwenye uso wa wima ambako hapakanyagwi. Ukiwa umeugundisha kwa gundi, nafasi hiyo huna.