Chupa, Madesa na Betri Iliyovimba: Maswali ya Wanavyuo Kuhusu Taka

Vyuo vimefunguliwa, hosteli zimejaa, na ujumbe mwingi ulionifikia unahusu taka. Nimechagua maswali machache ambayo majibu yake yatawafaa wengi.

Chumbani tunatenga chupa za plastiki na taka nyingine, lakini gari la taka likija wanamwaga vyote pamoja. Tunajichosha bure? (Mwaka wa pili, Dar es Salaam)

Kama mnalitengea gari, ndiyo, mnajichosha bure. Gari linakwenda dampo la Pugu Kinyamwezi, na hata kabla halijafika chupa zenu zimeshalowa mchuzi wa maharage. Huku kwetu urejelezaji unaanzia kwa yule anayepita alfajiri na kiroba mgongoni. Anaokota, anauza kwa kilo kwa mnunuzi, na mnunuzi anapeleka kiwandani. Mtengeeni yeye.

Muulizeni mlinzi au mfanya usafi wa hosteli. Mara nyingi anamfahamu, na pengine kazi hiyo anaifanya mwenyewe. Wekeni kiroba kimoja kwa korido nzima. Kila mtu amwage maji yaliyobaki, aibonyeze chupa, aitumbukize. Vizibo msivitupe. Chupa ya maji ni plastiki ya namba 1, kizibo ni plastiki ya aina nyingine. Kiwandani vikishakatwakatwa na kutiwa majini, chupa inazama na kizibo kinaelea, basi vinatengana.

Geuza chombo utazame namba ndani ya pembetatu. Namba 1 (chupa za maji na soda) na namba 2 (madumu, chupa nyingi za shampuu) hupata mnunuzi kwa urahisi. Pakiti za biskuti na nailoni hakuna anayezitaka, kwa hiyo dawa yake ni kuzipunguza dukani. Na tafadhali, msimuuzie mwokotaji. Najua bumu (fedha za mkopo wa wanafunzi) likichelewa kila shilingi ina kazi yake, lakini chupa za korido nzima hazifikii bei ya sahani ya wali, na yeye ndiye anayewafanyia kazi ambayo hakuna mwingine anayeifanya.

Ni kweli kutumia tena chupa ya maji kunaleta saratani? (Dodoma)

Huo ujumbe wa WhatsApp umezunguka miaka mingi na hauna ushahidi wa maana. Tatizo la kweli ni uchafu: shingo ya chupa ni nyembamba, brashi haipiti, vijidudu vinajenga humo. Nunua chupa ya chuma yenye mdomo mpana, ujaze chumbani kabla ya kwenda kipindi.

Na kama huna pa kuchemshia maji, hiyo chupa ya plastiki angavu ina kazi nzuri. Ijaze maji yasiyo na tope, isizidi lita 2, uilaze kwenye jua kali kwa saa 6. Anga likiwa na mawingu, iache siku 2 mfululizo. Mionzi ya jua ndiyo inayoua vijidudu. Kemikali na chumvi haziondoki kwa njia hiyo.

Nina rundo la madesa (nakala za notisi za masomo) ya muhula uliopita. Niyachome? (Morogoro)

Usichome. Wape wanaokufuata mwaka, kisha geuza yaliyobaki uandikie upande mweupe. Rimu ya A4 ya kawaida ina uzito wa kilo 2.5, kwa hiyo chumba cha watu wanne kinaweza kukusanya mzigo ambao mnunuzi wa karatasi atauchukua, mradi uwe mkavu. Muuza vitumbua akiyaomba, mnyime: wino na mafuta ya moto havifai kukutana kwenye chakula. Muhula huu mwambie wa steshenari atoe pande zote mbili, kurasa mbili kwa kila upande. Utalipa kidogo pia.

Betri ya simu yangu ya zamani imevimba. Naitupa wapi? (Mwanza)

Usiitupe kwenye pipa. Usiitoboe, usiichaji tena, usiilaze karibu na godoro. Betri za lithiamu zikichanika huwaka, na baadhi ya magari ya taka yana mashine ya kukandamiza. Iweke kwenye kopo lenye mchanga mkavu, uipeleke leo kwa fundi simu anayekusanya vifaa vibovu. Muulize kwanza anavipeleka wapi. Akikujibu kwamba anavichoma, tafuta mwingine.

Shikamoo anti. Choo cha hosteli yetu kinaziba kila wiki kwa sababu ya pedi. Kuna njia nyingine? (Mwaka wa kwanza)

Marahaba mwanangu. Pedi ina plastiki na unga unaonyonya maji ukavimba, kwa hiyo bomba lazima lizibe. Kwanza dai ndoo yenye mfuniko kila choo. Hiyo ni haki, hamuombi fadhila. Halafu fikiria pedi za kitambaa: loweka kwa maji baridi, fua kwa sabuni, anika juani. Wengi huona haya wakazianika chini ya kitanda, na huko hazikauki vizuri. Kikombe cha hedhi cha silikoni hudumu miaka kadhaa, ila kinachemshwa kati ya mzunguko mmoja na mwingine na kinataka mikono safi. Kama maji kwenu ni ya kubahatisha, anza na kitambaa.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, mbona muuza chipsi bado ananifungia kwenye nailoni? (Dar es Salaam)

Kwa sababu ni rahisi na wateja hawasemi. Nenda na kontena lako lenye mfuniko, umpe kabla hajaanza kukaanga mayai. Kachumbari iwekwe pembeni humo humo, na tomato ya pakiti umrudishie.